Siku tisa nikifukuza ikoni: seva ya Linux, kompyuta za Windows na msimu wa kampeni

Kama seva yako ya Linux haionekani kwenye kompyuta za Windows na bosi amesimama nyuma yako sa hivi, usisome kwanza. Fungua folda yoyote kwenye Windows, pale juu kwenye anwani futa kilichopo, andika mikwaju miwili ya nyuma ikifuatiwa na IP ya seva, yaani namba ya anwani yake kwenye mtandao, mfano `\\192.168.1.10`, piga Enter. Ikifunguka waambie watu waendelee na kazi, halafu rudi hapa tuongee taratibu. Mi hilo jambo la sekunde kumi nilikuja kulifanya siku ya nne, na gharama yake nitaitaja huko mbele.

Ofisi yenyewe ni ya uchapaji, iko Kariakoo, wanatoa mabango, fulana, stika, kadi za harusi. Niliwafungia seva mwaka 2017, kompyuta ya mezani ya kawaida tu yenye diski mbili, juu yake Ubuntu 16.04, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, na Samba. Kwa asiyejua, Samba ndo programu inayoifanya mashine ya Unix au Linux iongee lugha ya mafaili ya Windows, inayoitwa SMB. Ilianzishwa na Andrew Tridgell kule Canberra, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 90, na jina alilipata kwa kuiamuru kompyuta imtafutie kwenye kamusi neno lenye S, M na B kwa mpangilio huo. Mzee mwenye ofisi hayo hayamhusu, yeye mpaka leo anaiita shamba. "Kijana, hiyo shamba yako leo imeamkaje?"

Madizaina watano walikuwa na Windows 7. Halafu kule nyuma kuna kompyuta inayoendesha mashine kubwa ya mabango, hiyo ni Windows XP, programu ya mashine haikubali kitu kingine na usinicheke, ingia ofisi yoyote ya mabango uchungulie nyuma ya mtambo. Folda ilikuwa moja tu, `kazi`, haina paswedi, kila mtu anaingia na kutoka kama sebuleni kwake. Miaka mitatu hakuna aliyenipigia simu zaidi ya siku waliyojaza diski.

Sasa ikafika Septemba 2020. Kampeni zilikuwa zimeanza tangu tarehe 26 Agosti, uchaguzi mkuu ni tarehe 28 Oktoba, ofisi inafanya kazi mpaka saa nane usiku, vijana wanalala juu ya marobota ya fulana. Mzee akanunua kompyuta tatu za mtumba zenye Windows 10, na aliyemuuzia akamshawishi achukue na ruta mpya yenye tundu la USB, eti ina kasi. Na mimi kwa kujipendekeza nikasema mzee ngoja nami niinstoo seva upya kwa Ubuntu 20.04, ile ya zamani apdeti zake zinakaribia kukata. Wikiendi moja, tarehe 12 na 13, nikabadilisha vitu vitatu kwa mpigo: seva, ruta, na kompyuta tatu. Ukitaka kujua kosa kubwa kuliko yote kwenye hadithi hii ni hilo, mengine yote yanaelezeka. Kikiharibika kitu huna pa kuanzia kwa sababu hakuna kilichobaki kama kilivyokuwa.

Faili la mipangilio, `smb.conf`, nilihamisha lile lile la zamani. Nikajaribu kwa laptop yangu, ikafunguka fasta, nikafunga begi. Laptop yangu ina Linux. Yaani nimefunga seva ya kuhudumia kompyuta tisa za Windows na sikuijaribu hata kwa Windows moja.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi simu. Dada wa mapokezi: "Kaka, seva haipo." Haipo vipi? "Haipo tu, ile picha yake haipo." Nikafika saa tatu. Hali ilikuwa hivi, nilikuja kuiandika kwenye karatasi baadaye ingawa nilitakiwa niiandike pale pale: XP imegoma kabisa, inaleta ujumbe kwamba jina la mtandao halipatikani tena. Kompyuta tatu za Windows 10 ukifungua pale palipoandikwa Network mbili zinaonyeshana zenyewe kwa zenyewe, ya tatu haionyeshi kitu, na seva hamna kokote. Windows 7 ndo kichekesho, ukiangalia seva ipo, ukaenda kunywa chai ukirudi haipo, baada ya muda ipo tena. Hiyo ya ipo haipo ndo iliyoniteka akili, nikaacha XP iliyokufa kabisa nikaanza kufukuza picha inayopepesa.

Hapa inabidi nieleze kidogo hiyo picha inatoka wapi maana bila hapo hutaelewa nilivyojikaanga. Kwenye mtandao wa Windows wa kizamani, ule wa NetBIOS, hakuna mtu aliyeajiriwa kushika orodha ya mashine. Mashine zilizopo kwenye waya mmoja zinapiga kura na kuchagua moja wao ishike daftari, inaitwa masta browza. Zingine zinapiga kelele mara kwa mara, mi naitwa fulani niko hapa, yeye anaandika, na ukifungua Network kompyuta yako inaenda kumwomba daftari. Kura yenyewe haina haki hata kidogo, mwenye cheo kikubwa ndo anashinda: Windows 95 ilikuwa na cheo 1, Windows NT ya mezani 16, ile NT ya seva 32, na Samba ikiachwa ilivyo inajipa 20. Vyeo vikilingana anaangaliwa aliyekaa muda mrefu bila kuzimwa, na wakilingana hapo pia wanaenda kwenye jina.

Haya niliyajua tangu zamani. Kwa hiyo nikajiona mjanja, nikasema kuna mashine inainyang'anya seva yangu daftari, dawa yake ni kuipandisha cheo. Nikaandika `os level = 255`, ambayo ndo mwisho wa cheo, na `preferred master = yes`, maana yake ikiwaka tu ilazimishe uchaguzi upya. Huko nje gari za matangazo zinapita na wagombea, humu ndani nami naitisha uchaguzi kila robo saa. Nikawasha upya Samba, nikaangalia Windows 7, seva haipo. Nikabadilisha kingine, nikawasha, ipo! Nikashangilia, nikawaita. Baada ya dakika chache haipo. Nikabadilisha tena.

Na hapa kuna jambo lililonila siku mbili nzima. Hiyo orodha ni nzito kusasishwa. Mashine ikishazoea inajitangaza kila baada ya dakika 12, na ikinyamaza daftari halimfuti mpaka zipite zamu tatu, hiyo ni dakika 36, na kuna madaftari ya akiba yanayonakili kila dakika 15, kwa hiyo mashine iliyochomolewa kwenye umeme inaweza kuendelea kuonekana karibu dakika 51. Mimi nilikuwa nabadilisha kitu kila dakika tano na kusoma majibu ya mabadiliko niliyoyafanya saa nzima iliyopita. Ni kama unaonja mboga ya jirani ili ujue ya kwako kama ina chumvi. Kila nilichoandika kwamba "hii imesaidia" kilikuwa uongo mtupu.

Huku ofisini kazi haiwezi kusubiri, basi watu wakaanza kubeba mafaili kwa fleshi. Dizaina anamaliza bango, anaweka kwenye fleshi, anampelekea kijana wa mashine kule nyuma, anachapa. Mi nikaona hiyo ni afueni, nikawaambia endeleeni hivo hivo kwa leo. Jumatano usiku mteja mmoja alipiga simu kurekebisha jina la mgombea wake, herufi moja tu ilikuwa imekosewa, dizaina akarekebisha kwenye kompyuta yake akahifadhi, lakini fleshi ilikuwa imeshaenda nyuma na faili la mwanzo. Mabango arobaini ya mita tatu kwa moja yakatoka na jina bovu. Asubuhi mzee aliyatandaza chini koridoni, hakupiga kelele, aliniita tu akasema, "Kijana, soma hapo." Nikasoma. "Sasa hii nani analipa?" Tuligawana, yeye kuchapa upya na mimi nikasamehe malipo yangu yote ya wikiendi, laki tatu na nusu, na nikaongeza laki moja kutoka mfukoni. Hakunitukana, na hilo ndo liliniuma zaidi.

Alhamisi hiyo hiyo, wakati nazunguka na daftari langu la noti kama mkaguzi, nikamkuta dizaina mmoja wa kule pembeni anafanya kazi zake kimya, amevaa spika za masikioni. Nikamuuliza wewe unahifadhi wapi? "Kwenye seva." Seva ipi? Akanionyesha. Kwenye deski la kompyuta yake kulikuwa na shotikati aliyojitengenezea mwenyewe mwaka 2018 kutoka kwenye karatasi niliyowaachia, imeandikwa `\\192.168.1.10\kazi`. Tangu Jumatatu asubuhi haijawahi kumkatalia hata mara moja. Mbona hukusema? "Nilijua wenzangu wanaongelea kitu kingine."

Nilikaa chini pale pale kwenye boksi la karatasi. Siku tatu seva ilikuwa inafikika. Nilichokuwa natafuta ni picha. Kuonekana kwenye orodha na kufikika ni mambo mawili yanayopita njia mbili tofauti kabisa, unaweza kuonekana usifikike, na unaweza kufikika bila kuonekana, na mi nilikuwa nalijua hilo kwa kusoma lakini mtu akisema "seva haipo" nami naangalia mahali pale pale anapoangalia yeye. Nikazunguka kompyuta moja moja nikiandika IP. Windows 7 zote tano, zikafunguka. Windows 10 mbili, zikafunguka. Ya tatu ikakataa, na XP ikakataa. Kwa dakika kumi tatizo la mashine tisa likawa la mashine mbili, na fleshi zote nikazikusanya nikazitia mfukoni.

Hiyo Windows 10 iliyokataa ilikuwa na maneno marefu kwamba sera za usalama za shirika lako zinazuia wageni wasiojitambulisha. Shirika gani, hapa Kariakoo? Kumbe aliyeuza aliweka Windows 10 Enterprise, ile ya makampuni makubwa, kwenye moja na Pro kwenye mbili, na Enterprise tangu toleo 1709 haikubali kuingia kwenye folda isiyo na paswedi. Mitandaoni utaona watu wanakuelekeza uingie ndani ya rejista, lile ghala la mipangilio ya Windows, uruhusu wageni, ni kweli inafanya kazi, ila mi nakushauri usifanye. Mpe kila mtu jina na paswedi yake, kwanza mfungulie jina kwenye Linux yenyewe, halafu `smbpasswd -a` na basi, ni kazi ya nusu saa. Ukimaliza kuna mtego mmoja: kompyuta ambayo tayari ilikuwa imeingia kama mgeni ukiipa jina jipya itakuletea kosa namba 1219, maana Windows haitaki mtu mmoja awe na majina mawili kwenye seva moja. Andika `net use * /delete` kwanza, au izime uiwashe upya, ndo ujaribu tena.

Sasa picha inayopepesa. Ijumaa usiku watu wameondoka nikakaa na mlinzi na chupa ya chai ya tangawizi, nikaapa sibadilishi kitu, natazama tu. Nikafungua logi ya nmbd, hiyo ndo sehemu ya Samba inayoshughulika na majina na uchaguzi, `tail -f /var/log/samba/log.nmbd`. Ikawa inaandika: seva sasa ni masta browza wa kundi. Kimya. Seva imeacha kuwa masta browza. Kimya. Seva sasa ni masta. Mtu yupo anapokezana nayo. Nikamuuliza `nmblookup -M WORKGROUP`, amri hiyo inauliza kwenye waya nani ameshika daftari la kundi hili sasa, jibu likaja 192.168.1.1.

Nikairudia nikidhani nimekosea kuandika. 192.168.1.1 ni ruta.

Nikaipiga `nmblookup -A 192.168.1.1`, ikatoa majina yake yote, na kati yake lile lenye alama ya `1d` ambalo ndo la mshika daftari. Ile ruta mpya, kwa ajili ya lile tundu la USB la kuchomeka fleshi mtu atazame muvi, ina Samba yake ndani, toleo la kale, na kiwandani wameipa cheo cha juu na tabia ile ile ya kulazimisha uchaguzi. Nayo kundi lake ni WORKGROUP kama la kwangu, maana wote tumeacha jina la dukani. Mafahali wawili zizi moja. Na kadri nilivyoipandisha seva cheo ndo ugomvi ulivyozidi, kwa sababu mashine mbili zenye `preferred master` kwenye waya mmoja hazikubali kushindwa, zinaitisha uchaguzi bila kikomo na mtandao mzima unachafuka kwa kelele zao.

Nikaingia kwenye ukurasa wa ruta, nikazima kugawana mafaili, nikarudi nyumbani saa saba usiku nimelewa ushindi. Jumamosi asubuhi orodha imekufa. Safari hii haipepesi, imekufa kabisa kwenye Windows 7 zote, `net view`, amri ya Windows ya kuomba hiyo orodha, inaleta kosa 6118, orodha ya seva za kundi hili haipatikani. Nimemtoa mpinzani, nimeshinda uchaguzi bila kupingwa, halafu hakuna kitu.

Hapa ndo niliposoma kile nilichotakiwa kusoma kabla ya wikiendi ile. Ubuntu 20.04 inakuja na Samba 4.11, na kuanzia 4.11, iliyotoka Septemba 2019, Samba imezima SMB1, yaani toleo la kwanza la ile lugha ya mafaili, la kizamani. Andika `testparm -sv | grep protocol` utaona mwenyewe, chini kabisa inaanzia SMB2_02. Sasa kile kitendo cha Windows kwenda kuomba daftari kwa masta browza kinapita ndani ya SMB1, hakina njia nyingine. Kwa hiyo seva yangu ilikuwa inagombea, inashinda, inashika daftari, halafu mtu akija kuliomba inamfungia mlango. Ni mwenyekiti wa mtaa aliyeshinda kwa kishindo na ofisi hafungui. Na ndo maana seva ilikuwa inaonekana pale tu ruta iliposhinda, ruta ilikuwa bado inaongea SMB1 kwa hiyo daftari lake linasomeka, na ndani yake jina la seva yangu lilikuwemo. Siku tano nilipigania kushinda, na kila niliposhinda ndo nilipotea. Nilicheka peke yangu mpaka dada wa mapokezi akaniuliza kama nimekula.

Na Windows 10 je, mbona zenyewe hazikuona chochote hata ruta ilipokuwa inashinda? Ni yale yale kutoka upande wa pili. Mei 2017 kilipita kirusi cha WannaCry, kiliingia kupitia tundu la SMB1, na Microsoft kuanzia toleo 1709 la Oktoba mwaka huo wakaanza kuitoa SMB1 kwenye Windows 10, na huduma yao ya kushika daftari ikaondoka nayo. Sa hivi Windows zinaonana kwa njia nyingine iitwayo WS-Discovery, ambayo Samba yenyewe haiongei. Dawa ni programu ndogo inaitwa wsdd, ni skripti ya Python tu, unaiendesha kwenye seva na inajitangaza kwa lugha hiyo. Niliiweka Jumamosi mchana, hamna kitu, nikaanza tena kutetemeka, kumbe fayawoli yangu. `ufw allow Samba` inafungua milango ya Samba peke yake, wsdd inataka 3702 ya UDP na 5357 ya TCP. Nikafungua, na ndani ya dakika moja picha ikatokea kwenye Windows 10 mbili na zile Windows 7 zote, bila daftari wala kura. Ile ya tatu haikutokea kwa sababu Windows ilikuwa imeuweka mtandao wa ofisi kwenye kundi la Public kama vile ni waifai ya stendi, nikaubadilisha kuwa Private na yenyewe ikaja.

Imebaki XP na hapa sijivunii. Jumatatu ya wiki ya pili mashine ya mabango ilikuwa inadaiwa kazi za siku tatu, nikafanya njia ya mkato, nikaandika `server min protocol = NT1` yaani nikaifungulia SMB1 seva nzima kwa ajili ya kompyuta moja. Mpangilio huo hauna cha folda hii ndiyo folda ile hapana, ukifungua umefungua kwa wote. Na bado XP ikakataa, safari hii inasema paswedi sio yenyewe na mi nimeiandika mwenyewe. Hiyo ilinichukua siku nzima. XP ikiachwa ilivyo inatuma paswedi kwa mtindo wa kizamani, NTLM ya kwanza, na Samba tangu 4.5 haiupokei. Wengi wanalegeza upande wa seva, mi angalau hapo nilikuwa na akili kidogo, niliingia rejista ya XP kwenye `Lsa` nikaweka `LmCompatibilityLevel` kuwa 3, ikaanza kutuma mtindo wa pili, ikapokelewa Jumanne tarehe 22. Siku ya tisa. Mtambo ukanguruma, kijana wa mashine akanipa mkono.

Nikaiacha hivo mpaka uchaguzi umepita, wiki tano na ushee SMB1 iko wazi kwenye ofisi ambayo wateja wanakuja na fleshi kutoka kila kona ya mji. Hakikutokea kitu, lakini sikuwa nalala vizuri. Novemba kazi zilipopungua nikageuza mwelekeo: badala ya XP kuingia kwenye seva, seva ndo inaingia kwenye XP. XP ikafunguliwa folda moja ndani yake, seva inaipandisha kwa `mount -t cifs` yenye `vers=1.0`, na kuna skripti inayopeleka huko kila kinachowekwa kwenye folda ya `tayari_kuchapa`. Kwa njia hiyo seva inaongea SMB1 pale tu inapotoka yenyewe kwenda kwenye mashine moja, anayekuja kubisha hodi kwa SMB1 anakataliwa. XP nikaikatia intaneti kwenye ruta. Na kwa kuwa hapakuwa tena na mtu anayehitaji daftari, nikaandika `disable netbios = yes` nikamzima na nmbd. Uchaguzi wa humu ndani nao ukaisha.

Kingine nilichofanya ni kidogo na ndo kimesaidia kuliko vyote. Kila kompyuta niliiwekea seva kama diski, herufi Z, kwa `net use Z: \\192.168.1.10\kazi /persistent:yes`, na IP ya seva nikaifunga nje ya zile ambazo ruta inazigawa ili isije kuipa simu ya mtu namba hiyo hiyo. Nikawaambia kazi ziko Z, pale Network msipafungue tena, hapawahusu. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta zinaamka kabla ya seva na hiyo Z inakuwa na alama nyekundu, unaibofya mara mbili inarudi. Nililibandika hilo kwa karatasi ukutani maana ndo simu pekee nilizokuwa naendelea kupokea.

Kama una kampuni kubwa yenye domeni na mitandao midogo mingi hiyo ni habari nyingine, mi naongelea ofisi ya watu kumi. Ila hata huko ningeanza na maswali yale yale kwa mpangilio: IP inafunguka? Inakubali paswedi? Jina linafunguka? Na la mwisho kabisa, picha inaonekana? Mi nilianzia mwisho. Na ningesubiri saa nzima baada ya kugusa chochote kinachohusu orodha ya NetBIOS, na ningejaribu kwa kompyuta ya yule anayelalamika, sio laptop yangu.

Januari nilipita kuchukua hela ya kadi nilizomletea mteja, nikafungua kompyuta ya mapokezi kuangalia kitu, nikaona pale Network kumeongezeka mashine nisiyoijua. Nikaenda kwenye ruta. Mtu alikuwa amechomeka fleshi kwenye lile tundu la USB na kuwasha kugawana mafaili upya, imejaa kaswida na mechi za mpira. Nikauliza imekaa hapo tangu lini. "Tangu Krismasi," dada akasema, "kwani ina shida?" Nikaangalia madizaina, wote wako kwenye Z, mtambo unanguruma kule nyuma. Nikaiacha.